Mteja anadai nimemega almasi yake: nitajuaje dosari iliyozaliwa na jiwe na iliyoletwa na fundi?

SonaraMwanza

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni sonara hapa Mwanza, kazi nimerithishwa na baba mkubwa. Dhahabu na fedha nimezizoea, ila almasi hunijia kwa nadra, na karibu zote huja zikiwa zimeshapachikwa kwenye pete.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja na pete ya uchumba, dhahabu nyeupe ya 18K, almasi moja ya duara, karati 0.70. Kucha mbili kati ya sita zinazoshika jiwe zilikuwa zimelika. Nilipaka jiwe asidi ya boriki na spiriti kama nilivyofundishwa, nikaziongezea dhahabu kwa moto jiwe likiwa mahali pake. Kucha moja kati ya hizo mbili ilikuwa pana kuliko wenzake na imelalia kiuno cha jiwe, ule ukingo unaotenganisha juu na chini, nikaichonga zikalingana. Mama akachukua pete yake, akashukuru.

Baada ya siku chache akarudi na mwanawe, kijana mwenye lupu, lenzi ndogo ya kukuzia, aliyoiagiza mtandaoni. Wanasema nimeliharibu jiwe, na wana hoja tatu. Kwanza, kiunoni, palepale nilipochonga kucha, kuna kibonyeo ambacho wao wanakiita mmeguko. Pili, chini ya meza ya jiwe, ule uso bapa wa juu, kuna vidoa vyeusi, kijana amehesabu vitano, anasema ni masizi ya moto wangu yamepenya ndani. Tatu, kingo za nyuso za juu zina weupe, hazikati kwa ukali inavyotakiwa.

Cheti wanacho, cha GIA, taasisi ya Marekani inayopima vito, kile kifupi kisicho na mchoro wa jiwe. Daraja la usafi ni SI1 (dosari ndogo zinazoonekana kwa lupu), na dosari zimeorodheshwa tatu: fuwele (kijiwe kilichofungiwa ndani), unyoya (ufa mwembamba), nachurali iliyozama. Kwenye daftari langu niliandika kazi, uzito wa pete na hali ya kucha, na mteja akasaini.

Kama nimemega, nilipe. Kama sijamega, nataka mama huyu aone kwa macho yake mwenyewe, asibaki na kinyongo na mimi wala na pete yake. Nina lupu nzuri ya 10x, inayokuza mara kumi, na pete ameniachia. Nianzie wapi?


MtuWaMaganzo

Pole sana mkuu. Mimi nashughulika na almasi ghafi, za changarawe huku Kishapu, zilizokatwa huwa naziona dukani tu. Lakini hiyo nachurali naijua, maana ndiyo ngozi ya jiwe tunayoitazama sisi kila siku. Mkataji akitaka kuokoa uzito, huacha kipande cha ngozi hapo kiunoni bila kukigusa.

Kiangalie kwa lupu. Ukiona vipembetatu vimechimbika, hiyo ni ngozi ya asili. Hakuna fundi anayeweza kuvichora kwa bahati mbaya. Kwenye jiwe ghafi la nyuso nane utaona vipembetatu hivyo vimegeuka kinyume na pembetatu ya uso wenyewe, ncha ya kidogo inatazama upande wa kikubwa usio na ncha. Si kila ngozi inavyo, ila ukivikuta ubishi umekwisha.


MamaVito

SonaraMwanza, mwanangu, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kulipa na kabla ya kukataa. Nilisomea vito Arusha na kazi yangu ni kupanga mawe kwa madaraja, kwa hiyo nitakueleza kwa utaratibu ninaoufuata mezani kwangu.

Kabla ya dosari yoyote, soma namba. Vyeti hivyo vifupi vya GIA huja na namba ya cheti iliyochorwa kwa leza kiunoni mwa jiwe. Kwa 10x inasomeka, ila zungusha pete taratibu mpaka mwanga uidake, na ikiwa kucha imeifunika utaona baadhi ya tarakimu tu. Namba ikikataa, huna jiwe la cheti hicho mkononi, na hoja zote tatu za kijana zinabaki hewani mpaka hilo lijulikane.

Kisha lioshe. Almasi hushika mafuta kuliko mawe mengine, na migodi ya zamani iliitumia tabia hiyo: changarawe zilipitishwa na maji juu ya meza zilizopakwa grisi, almasi zikanasa na mengine yakapita. Jiwe la pete iliyovaliwa miaka lina losheni na mafuta ya jikoni upande wa chini, usikofika kitambaa. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, brashi laini, halafu spiriti. Usiitumbukize kwenye mashine ya mtetemo kwanza. Cheti kimetaja unyoya, na mpaka uujue ulipo, mtetemo uweke kando.

Sasa tazama. Lupu iwe karibu kabisa na jicho, jiwe ulisogeze wewe mpaka likae sawa, kama sentimita mbili na nusu kutoka kwenye lenzi. Mwanga utoke ubavuni, nyuma ya jiwe weka kitu cheusi, na dosari za ndani zitajitokeza ziking'aa juu ya giza. Anza katikati ya meza, kisha zunguka taji, yaani upande ulio juu ya kiuno, sehemu kwa sehemu ukifuata mishale ya saa, kucha moja ukiipa nafasi ya saa 12 ili upate pa kurejea. Ukimaliza juu geuza, tazama kwa chini, halafu malizia na kiuno chote. Chora kila unachokiona. Katika michoro ya GIA dosari za ndani huchorwa kwa wino mwekundu, za juu kwa kijani, na zile zinazoanzia usoni zikazama hupata rangi zote mbili. Wewe tumia kalamu hizohizo.

Utajuaje kitu kiko juu au ndani? Inamisha jiwe mpaka uso mmoja uakisi mwanga wa dirisha na kuwa mweupe wote. Kilicho juu ya uso huo, iwe mkwaruzo, kishimo au mistari ya kung'arishia, kitaonekana kimekaa kwenye mng'ao. Kilicho ndani kitamezwa. Vumbi ligusie ncha ya brashi, litahama. Wanafunzi wengi huita nukta kitu ambacho ni unyuzi wa kitambaa, kwa hiyo hatua hii usiiruke hata kama una haraka.

Tuje kwenye hoja za kijana.

Vidoa vitano. Nina hakika kubwa kwamba ni kimoja. Fuwele ikikaa karibu na ncha ya chini ya jiwe la duara, nyuso za chini huirudisha huku na huku, ukadhani ziko nyingi. Inamisha jiwe: vivuli vitahama, vitaungana, vitaachana. Halafu litazame kwa ubavu, kutokea upande wa chini, utakiona kitu chenyewe peke yake. Mpangaji madaraja huhesabu dosari moja, lakini vivuli hivyo hulishusha jiwe daraja, kwa sababu vinaonekana. Na masizi hayapenyi almasi. Fuwele hiyo ilifungiwa humo jiwe likikua, kilomita 150 au zaidi chini ya ardhi. Moto wa fundi ukiliharibu jiwe hulichoma usoni, likabaki na ukungu mweupe kama maziwa, na hilo utalijua kwa kipimo cha mwanga wa dirisha nilichokueleza.

Weupe wa kingo. Almasi hukwaruzwa na almasi. Faili ya chuma haiwezi, msasa wa kawaida hauwezi. Ila niambie ukweli wa vifaa vyako: ulitumia tindo au gurudumu lenye unga wa almasi karibu na jiwe? Kama hapana, huo ni msuguano wa kuvaliwa pamoja na almasi nyingine. Mawe yaliyobebwa mengi kwenye karatasi moja hupata alama hizohizo.

Kibonyeo cha kiunoni ndicho chenye uzito. MtuWaMaganzo amekueleza vizuri kuhusu ngozi. Mimi naongeza sura ya mmeguko ili uweze kulinganisha. Almasi ina njia nne za kupasukia, kwa hiyo ikigongwa hukatika kwa vingazi, kingo kali, mng'ao mpya, na mara nyingi utaona vinyoya vidogo vikiingia ndani kutoka hapo. Mmeguko haujali mpaka, hula kiuno na kipande cha uso wa juu au wa chini kwa pamoja. Nachurali hutulia ndani ya upana wa kiuno, na ikiwa iliyozama hushuka kidogo chini ya uso uliosuguliwa. Ndani yake utakuta vipembetatu, au mifereji myembamba iliyolala sambamba.

Na sasa lile ambalo halijaulizwa. Unyoya uko wapi? Wateja huogopa doa jeusi kwa sababu linaonekana. Fundi aogope unyoya, ule ufa mweupe mwembamba, hasa ukiwa umefika kiunoni. Fuwele nyeusi katikati ya jiwe haitakusumbua maisha yako yote. Unyoya uliogusa kiuno chini ya kucha unaweza kukukatikia siku unayobana kucha hiyo. Ndiyo maana katika kupanga daraja tunaangalia mambo matano kwa pamoja: ukubwa wa dosari, idadi, mahali ilipo, aina yake, na inavyotofautiana na jiwe kwa rangi au mwanga. Ngazi za GIA, zilizoanza kutumika 1953, ni 11, kutoka FL (lisilo na dosari) mpaka I3 (lenye dosari kubwa), na zote huamuliwa kwa 10x. Darubini kubwa tunaitumia kujua kitu ni nini. Daraja halitokani nayo. Nachurali ndogo iliyobaki ndani ya kiuno bila kuonekana kwa juu hainyimi jiwe hata FL, ndiyo ujue ni kitu kidogo kiasi gani machoni mwa mpangaji. Ikizama, inahesabiwa dosari ya ndani na inaingia kwenye hesabu ya daraja.

Orodha ya cheti nayo isome kwa mpangilio wake. Inayotajwa kwanza kwa kawaida ndiyo iliyobeba daraja. Yako imeanza na fuwele, kwa hiyo ni fuwele ileile ya kijana iliyolifanya jiwe kuwa SI1, siku nyingi kabla halijafika kwako.

Ukimaliza kuchora, rudi utuambie.


SonaraMwanza

Shikamoo mama. Ahsante kwa moyo wako, na wewe MtuWaMaganzo.

Nimefanya kama ulivyoelekeza, mchana, mlango wa duka ukiwa wazi. Namba inalingana na cheti, tarakimu mbili za mwisho tu ziko chini ya kucha.

Doa ni moja. Kwa juu kweli yanaonekana matano, kwa pembe nyingine nikaona hata sita, lakini kwa ubavu ni kifuwele kimoja cheusi karibu na ncha ya chini.

Kibonyeo kimekaa ndani ya kiuno, hakijagusa uso wa juu wala wa chini. Ndani yake kuna mifereji imelala sambamba, na pembeni yake nimeona vipembetatu viwili, kimoja wazi kabisa. Niliviangalia mpaka jicho likachoka kwa sababu nilitaka kuwa na hakika, wala si kwa kujitetea. Vingazi hakuna, vinyoya hakuna.

Unyoya nimeupata. Kucha niliyoipa saa 12 ni mojawapo ya zile nilizotengeneza. Unyoya uko karibu na saa 8, unatoka kiunoni na kuelekea ndani kwa chini, na kucha ya saa 8 imeulalia nusu. Kucha hiyo sikuigusa.

Kingo zenye weupe ni za taji tu, kuizunguka meza na zaidi upande mmoja. Chini kote ni kali. Vifaa nilivyotumia ni faili ya chuma na gurudumu la mpira. Unga wa almasi sina dukani.


FundiDeira

Assalaam alaykum. Mimi ni mtu wa Unguja, napachika mawe hapa Deira, Dubai, na nasoma uzi huu kwa furaha maana watu wanaeleza vitu kwa ukweli.

Kaka, ile kucha pana haikuwa pana bure. Fundi wa kwanza aliyelipachika jiwe hilo aliona nachurali, akaielekezea kucha na kuifunika. Ni desturi nzuri ya kazi, na sisi tunafanya hivyo kila siku: dosari ya kiunoni unaipeleka chini ya kucha ili jiwe lipendeze kwa juu. Ulipoichonga, ukafunua kilichokuwa kimefichwa. Kumega hukumega, lakini mama wa watu ameona kitu ambacho hajawahi kukiona, na ni haki yake kushtuka. Ningekuwa wewe ningemwambia hivyohivyo, na ningempa nafasi ya kurudishiwa kucha pana bila malipo akipenda.

Kwa unyoya, hapo sikubaliani na fundi mwenzangu yule wa kwanza, maana amefunika kimoja akabana kingine. Kucha kulala juu ya unyoya si kosa lenyewe, wakati mwingine inaulinda usigongwe. Kosa ni kucha kukandamiza pale ufa unapotokea. Angalia kikalio cha kucha ya saa 8, pale jiwe linapokaa, kama chuma kimebana kiuno moja kwa moja, siku itakapohitaji kazi punguza kidogo chini yake ili kucha ishike uso wa juu bila kusukuma ubavu.

Na moto: boriki umefanya sawa. Jiwe tupu kwenye joto la kuunganishia, linalokaribia nyuzi 800 za Selsiasi, huanza kuungua usoni. Baada ya moto liache lipoe lenyewe. Kuna mafundi wanatumbukiza pete kwenye maji ingali moto, na jiwe lenye unyoya haliwezi kustahimili mshtuko huo. Siku hizi kucha kama hizo tunaziongezea kwa mashine ya leza, joto linabaki kwenye ncha tu, lakini mashine hiyo ni ghali na si kila duka lina kazi ya kuilipa.

Pia kabla ya moto wowote kwenye jiwe lisilo na cheti, tafuta ufa uliojazwa kioo. Utikise taratibu chini ya taa: ufa uliojazwa hutoa mmweko wa rangi, zambarau au chungwa, ukigeuza kidogo unakuwa wa bluu au kijani. Moto huuharibu ujazo huo na jiwe linatoka jeupe limechakaa mbele ya macho yako. Hapo hata uwe na haki, kumweleza mwenye mali ni kazi.


SonaraMwanza

Waalaykum salaam kaka. Umenifungua macho kuhusu ile kucha. Nilidhani ni kazi ya haraka ya fundi aliyepita.

Mama amekuja leo na mwanawe. Sikuongea sana. Nilimpa kijana lupu yangu, nikaiweka pete mkononi mwake, nikamwelekeza alizamishe jicho kiunoni. Vipembetatu aliviona mwenyewe kabla sijamtajia. Kisha nikamwambia alitazame jiwe kwa ubavu atafute vile vidoa vitano. Akanyamaza, akampa mama yake lupu. Lupu yake ya mtandaoni tulijaribu kuilinganisha na yangu: imeandikwa 30x, lakini pembeni inapinda na inatoa upinde wa rangi kila kwenye ukingo, nusu ya aliyoyaona ni ya lenzi.

Mama amesema kucha pana irudi, na nimeshaanza.

Kuhusu weupe wa kingo, nilimwuliza huwa anaivaa vipi. Kwenye kidole hichohicho anavaa pete ya ndoa iliyozungukwa na vialmasi vidogo, na upande uliochakaa zaidi ndio unaopakana nayo. Sasa ananiuliza kama kingo zinaweza kusuguliwa upya ziwe kali kama mwanzo. Nimjibu nini?


MamaVito

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kumpa lupu badala ya maneno. FundiDeira naye amenifundisha kitu, mimi huwa napokea mawe yakiwa huru, mambo ya kucha nayasikia kwa wapachikaji.

Kusugua upya kunawezekana, kwa mkataji mwenye gurudumu la chuma na unga wa almasi, na jiwe likiwa limetolewa kwenye pete. Lakini mpigie hesabu mbele yake. Jiwe ni 0.70 kamili. Kusugua huondoa uzito, hata iwe kidogo sana, na bei ya almasi hupanda kwa ngazi za uzito: likishuka 0.69 litauzwa kwa bei ya ngazi ya chini kwa kila karati. Cheti nacho hakitalingana tena na jiwe kwa uzito na vipimo, itabidi lipelekwe kupimwa upya. Daraja lenyewe halitapanda, kwa sababu msuguano huo ni dosari ya juu, na lililolishikilia jiwe hapo SI1 ni ile fuwele iliyo ndani. Atalipa gharama zote hizo apate kingo ambazo kwa jicho tupu hatoziona.

Mimi ningemwambia aliache lilivyo, avae pete moja mkono huu na nyingine mkono wa pili, kwa sababu vialmasi vya pete ya ndoa navyo vinasuguliwa vilevile, kavitazame. Na ukiwa unarudisha ile kucha, muulize kama atakubali ulitoe jiwe kabisa safari hii. Utaweza kulegeza kikalio cha saa 8 kama kaka wa Deira alivyosema, utalipima uzito peke yake, na utaona tarakimu mbili zilizofichwa. Mchoro wako wa kalamu mbili uambatishe kwenye daftari, ukurasa uleule aliosaini, na nakala mpe yeye.

MtuWaMaganzo, siku ukiwa na jiwe ghafi lenye vipembetatu vizuri, tupigie picha uiweke hapa. Wapo mafundi wengi wanaopapasa kiuno cha almasi kila siku na hawajawahi kuiona ngozi hiyo ikiwa nzima.


MtuWaMaganzo

Ninalo moja dogo la kahawia, halina bei lakini ngozi yake imejaa vipembetatu. Nikipata simu ya kupiga picha za karibu nitaweka kesho.